Majivu Yasiyo na Misumari

Inspekta Pam Adoyo aliifunga sumaku kwenye kamba ya katani, akaitumbukiza ndani ya shimo la majivu na kuiburuta polepole kutoka ukingo mmoja hadi wa pili. Alipoivuta juu ilikuwa imenasa kifuniko cha chupa ya soda na kipande cha waya. Akairudisha shimoni. Mara hii ilitoka na majivu matupu.

“Abner,” akaita bila kugeuka. “Kasha la mbao linashikwa na nini lisifumuke?”

Abner Ogoti, afisa wa karantini ya mimea, alikuwa amesimama nyuma yake, mikono mifukoni, uso umemshuka. “Misumari, madam.”

“Na haya yalikuwa makasha matatu ya kubebea ndege. Misumari ilikuwa mingi?”

“Mingi sana. Watu wa ng’ambo hawaonei msumari huruma.”

“Msumari hauungui ukawa majivu. Sasa iko wapi?”

Abner ndiye aliyewaambia wakubwa wake kwamba mbao zimechomwa zikaisha, na sasa alianza kuhisi ardhi ikimtoka chini ya miguu.

Kisa chenyewe kilikuwa kimeanza kwa shangwe. Daktari Ombui, mwana wa Nyamira aliyetibu watu Marekani mpaka kichwa kikaota mvi, alinunua ndege ndogo ya viti vinne, akaamua kurudi nayo nyumbani. Ilifunguliwa mabawa, ikafungashwa kwenye makasha ya mbao, ikaja kwa meli hadi Mombasa na kwa lori hadi kiwanja kidogo cha ndege nje ya mji wa Kisii. Bandarini mbao zilipita kwa sababu zilikuwa na muhuri wa kuonyesha kwamba zimepashwa joto la kuua wadudu. Muhuri ulikuwa wa kughushi. Abner alikuja kuligundua hilo hapa Kisii, siku makasha yalipofunguliwa, alipopasua ubao mmoja akamkuta buu mweupe, mnene, anatafuna raha mustarehe, hana habari kwamba amevuka bahari.

Amri ilitoka siku hiyo hiyo. Ndege ifungiwe bandani, ifukizwe dawa, isiguswe. Mbao zote zichomwe pale pale kiwanjani, afisa akishuhudia. Buu yule akikomaa huota mabawa, hutoboa tundu, hutoka na kwenda kutaga kwenye mti ulio hai, na mti ukishaingiwa hauponi. Ndiyo maana sheria haikuwa na mzaha. Ubao mmoja tu ukipotea, miti yote mikubwa kukizunguka kiwanja ingeangushwa, mikaratusi na miparachichi, ya tajiri na ya maskini. Watu wa milima hii hupanda mkaratusi mtoto akizaliwa, wakauuza akiitwa shule ya upili. Kikosi cha kutia miti alama ya rangi nyekundu kilikuwa kifike kesho asubuhi.

Na mbao, ilivyoelekea, zilikuwa zimepotea. Jumapili mama mmoja muuza ndizi aliiona pikapu ikitoka kiwanjani imebeba mbao nyeupe. Alisema sokoni, na soko likasema kituoni. Wakubwa wa Pam walimpa kazi kwa maneno machache: zitafute zote, kabla ya rangi. Walimchagua kwa sababu walimjua. Mwanamke huyu wa kutoka kando ya ziwa akishika jambo alilishika kama kupe, na kumbandua ilikuwa shida hata kwa waliompandisha cheo.

Pam akachukua kijiti, akapekua majivu, akaokota kipande cha kaa na kukiinua.

“Tazama hiki. Ni mviringo, na kina ganda. Tangu lini kasha la ndege likatengenezwa kwa vijiti vyenye maganda?”

“Hayo ni matawi ya blugamu, mikaratusi ya hapa,” Abner akasema kwa sauti ya chini.

“Moto huu wewe uliuona?”

“Niliona moshi.”

“Nimeuliza moto.”

“Madam, ilikuwa Jumamosi. Mimi ni Msabato. Nilimwambia Machogu, huyu mlinzi, siku ya Sabato sifanyi kazi, tungoje Jumapili. Akasema, ‘Afisa, hiyo mbao iko na wadudu, tungoje nini? Wewe ukienda kanisa pitia barabara ya juu, moshi utaiona.’ Nikapita na familia yangu. Moshi ilikuwa mingi. Hata nilimshukuru Mungu.”

“Kwa hivyo nani alichagua Jumamosi?”

“Machogu.”

“Na anajua kanisa lako?”

“Huku kila mtu anajua mwenzake anasali wapi.”

Pam alijipangusa mikono kwa majani, akapanda kuelekea banda la ndege.

Machogu alikuwa ameketi juu ya mtungi uliopinduliwa mbele ya mlango wa banda, mtu wa makamo, mrefu, ndani ya koti la mvua ambalo halikuvuliwa hata jua lilipowaka. Nyuma yake, katika mwanya wa mlango, ndege ilionekana imefungwa utepe wa manjano, kiwiliwili cheupe upande huu na mabawa yameegemezwa ukutani upande ule. Harufu ya dawa iliwasha pua. Aliinuka alipomwona Pam, akavua kofia.

“Mzee Machogu, Jumamosi ulichoma nini?”

“Mbao, afande.”

“Zote?”

“Nilichoma kile niliambiwa nichome.”

“Misumari yake je?”

Machogu alitazama upande wa shimo, akatazama miguu yake. “Vijana wa vyuma kuukuu wanapita hapa. Hao hawaachi kitu.”

Lilikuwa jibu zuri. Pam alilipima akaona lina mashiko, maana vijana hao aliwajua, wangeng’oa hata geti la kituo kama lisingekuwa na askari. Lakini macho yake yalikuwa yameshuka kwenye mikono ya mzee. Ukucha wa kidole gumba cha kushoto ulikuwa umevilia damu, mweusi tititi.

“Kidole kimefanya nini?”

“Mlango ilinibana.”

“Mlango wa hapa?”

“Wa nyumbani.” Kisha, kabla hajaulizwa lingine, akasema, “Afande, naomba ruhusa. Leo saa nane tuko na mazishi Nyaramba. Ni mtoto wa dada yangu. Hiyo siwezi kosa.”

Huku Gusii hakuna wiki isiyo na mazishi, na anayekosa pa kwenda kuzika basi ni mgeni wa jana. Pam alimpa pole kama desturi inavyotaka. “Nenda. Lakini simu yako iwe inashika.”

Mzee alipokwisha kwenda, Abner aligeuka kwa hamaki. “Madam, unamwachilia? Mtu mwenyewe ndiye huyo!”

“Najua ni yeye. Nikimfunga atanyamaza, na mbao zitanyamaza pamoja naye. Mimi sitafuti mwizi leo, natafuta mbao. Ni nani hapa karibu anauza vitu vya mbao nyeupe?”

Abner hakuhitaji kufikiri. “Obwocha. Fundi wa Nyakoe.”

Karakana ya Obwocha ilikuwa kando ya barabara pale Nyakoe, nyuma ya akina mama wanaouza ndizi. Vitanda upande mmoja, majeneza upande wa pili, mteja achague analalia nini. Pam hakusalimia mara mbili. Alizunguka nyuma ya kibanda, na hapo moyo ukamruka: mbao nyeupe, rundo zima, zimefunikwa turubai.

“Abner!”

Abner alipiga magoti, akageuza ubao mmoja baada ya mwingine, akachunguza ncha kwa kurunzi ya simu, akachokoa kwa waya mwembamba. Alichukua muda wake. Obwocha, mfupi mwenye tumbo la amani na penseli nyuma ya sikio, alisimama kando anamwangalia kama mtu anayetazama kuku wake wakikaguliwa.

“Si zenyewe,” Abner akasema hatimaye. “Hizi ni za paleti, zile chaga za kuwekea mizigo. Nyembamba. Muhuri ni wa kweli na hakuna hata tundu moja. Ziko sawa.”

“Si nilisema?” Obwocha akacheka, ingawa hakuna aliyekuwa amemsikia akisema neno. “Mimi ni mtu wa kufuata sheria, madam. Kaa upewe chai.”

Pam hakuketi. Hasira ilimpanda, hasira ya mtu aliyeona mlango umefunguka kumbe ni kivuli, na saa zilikuwa zinakwenda. Akasimama katikati ya karakana akatazama chini. Takataka za randa zilikuwa zimefika vifundoni. Nyingi zilikuwa nyeusi nyeusi za mkaratusi. Lakini chini ya meza ya kazi palikuwa na rundo dogo jeupe, na rundo hilo lilikuwa na vipande vinene kuliko ubao wowote wa paleti.

Akaokota kimoja, akampa Abner. Katikati ya kipande kulipita njia ya mviringo, imeshindiliwa unga laini mithili ya unga wa ugali.

Abner aliutazama unga ule, akamtazama Pam. “Hiki ni chetu.”

Kicheko cha Obwocha kilikatika.

“Mzee Obwocha,” Pam akasema, “kipande hiki kimetoka wapi?”

Fundi alijikuna kisogo. “Hiyo… kuna mtu alileta mbao yake nimtengenezee mlango.”

“Mlango tu?”

“Mlango tu, madam. Haki ya Mungu.”

“Mtu gani?”

“Ni mtu wa huko Nyamira. Wateja ni wengi, majina inapotea.”

“Mlango wa nini?”

“Wa choo.”

“Ulitia komeo?”

“Hakutaka.”

“Kitasa?”

“Pia hakutaka. Alisema bawaba peke yake, na nifanye haraka.”

Pam alimtazama mpaka fundi akaanza kukagua penseli yake. Kisha akakitia kile kipande kwenye mfuko wa ushahidi, akamwonya asitoke Nyakoe, akarudi garini. Hakuwasha injini. Aliweka mikono juu ya usukani, akakaa.

“Choo cha kwenu kina komeo, Abner?”

“Lazima. Mtu ataingiliwa.”

“Banda la ng’ombe?”

“Kufuli mbili. Ng’ombe bila kufuli ni ng’ombe wa mtu mwingine.”

“Kuku?”

“Hata kuku.”

“Basi niambie. Ni nyumba gani mtu anaijenga mbio mbio, anaitilia mlango kwa sababu nyumba lazima iwe na mlango, lakini hana haja ya kuifunga, si kwa ndani wala kwa nje?”

Abner alikunja uso. “Labda nyumba ambayo hakuna mtu atalala.”

“Atalala mmoja. Usiku mmoja.” Pam akageuka kumtazama. “Kwetu ziwani, kijana akifia mbali kabla hajajenga, haingizwi kwa nyumba ya mama yake. Anajengewa simba yake kwanza, kile kibanda cha kijana, hata kama ni ya kulala mara moja tu, ndio atoke kwake akienda kaburini. Nyinyi mnafanyaje?”

“Ni hivyo hivyo,” Abner akasema taratibu. “Sisi tunaita esaiga. Mwili haiwezi kukosa mahali pake pa kuingia.”

“Na huyu bwana mwenye ukucha mweusi ametuambia leo anazika nani?”

Abner alikuwa ameshafunga mkanda.

Njia ya Nyaramba, huko Nyamira, hupanda na kushuka katikati ya chai, na kila kona ina mtu wa kukuonyesha mbele akikuambia ni hapa tu karibu. Upande wa kushoto na kulia mikaratusi ilisimama kwenye mipaka ya mashamba, mirefu, imenyooka, na Pam alijikuta anaitazama kama mtu anayeaga.

Walisikia nyimbo kabla ya kuona boma. Turubai lilikuwa limetandwa chini ya mteremko, watu wamejaa, akina mama wamebeba mikungu ya ndizi kichwani, katekista amevaa kanzu nyeupe. Na juu kidogo, kati ya migomba, ilisimama nyumba ndogo isiyo na dirisha. Kuta zake zilikuwa nyeupe kabisa, hazijapakwa tope wala rangi. Kwenye ubao mmoja palichorwa mshale mweusi uliokusudiwa kuelekeza juu, ila aliyepigilia ubao aliugeuza, ukaelekeza ardhini. Kwenye mwingine palikuwa na picha ya glasi, ile ya kuonya wapagazi washike polepole. Mlango ulikuwa wazi.

Machogu aliwaona. Hakukimbia. Aliacha alichokuwa akifanya, akapanda mteremko akaja kusimama mbele yao kama mwenye nyumba.

“Umefika, afande.”

“Nimefika. Eleza.”

“Dada yangu Bitutu ni mjane. Shemeji wote wako Nairobi, hawakutoa hata kamba. Ronny ameanguka kwa mjengo huko huko Nairobi, analetwa nyumbani, na hana mahali pa kuingilia. Na mimi niko pale kazini, nimepewa kiberiti nichome mbao mzuri hivi. Nichome mbao leo, halafu kesho nizunguke kwa majirani nikiomba mbao? Wewe ungechoma?”

Pam alimhurumia, na aliona wazi kwamba huruma yake haingemsaidia mtu yeyote kijijini hapa. “Ulijua zina wadudu.”

“Mbao gani haina wadudu? Nilifikiria ni mambo ya ofisi.”

“Zote ziko hapa?”

“Zote.”

“Abner, kagua.”

Abner alizunguka nyumba na waya wake, watu wakianza kunong’ona kule chini. Alichokoa kila tundu, akanusa, akapima urefu wa mbao kwa shubiri, akafungua picha za makasha kwenye simu na kulinganisha. Aliporudi, macho yalikuwa yakimng’aa.

“Madam, matundu yote bado yamejaa unga. Hakuna aliyetoka nje! Wote wako ndani ya mbao.”

“Kwa hivyo tukizichoma zote?”

“Hakuna mti utakatwa. Si Kisii, si hapa Nyaramba. Hata mmoja.” Kisha mng’ao ukafifia. “Lakini si zote. Yale makasha madogo ya mabawa yako hapa kamili, hii ndiyo mishale na glasi. Kasha kubwa liko, pande zote na sakafu. Kifuniko chake sikioni. Kilikuwa na picha ya mwavuli, kubwa hivi. Mbao zake ndizo nene kuliko zote, na ndizo nilizozikuta na mabuu mengi zaidi.”

“Machogu?”

“Labda iko kwa paa,” mzee akasema.

“Paa ni mabati juu ya fito za blugamu,” Abner akasema. “Nimeangalia.”

Pam alimtazama Machogu, na Machogu akashindwa kurudisha macho. Aligeuka akatazama mlango wa ile nyumba.

Pam akaingia.

Ndani mlikuwa na giza jepesi na harufu ya mbao mpya. Mwanamke mwembamba mwenye kitambaa cheusi kichwani alikuwa ameketi sakafuni kwenye mkeka, peke yake na mwanawe. Jeneza lilikuwa juu ya stuli mbili, limepigwa randa likawa laini, limepakwa vanishi ya kahawia. Chini yake palitandikwa shuka jeupe.

“Pole, mama,” Pam akasema, akapiga magoti.

“Asante, madam. Karibu kwa Ronny.” Alisema hivyo hasa, kwa Ronny, kama mtu anayemkaribisha mgeni kwenye nyumba ya mwanawe mwenye mali. Na huku akisema, mkono wake ulipita juu ya shuka ukakusanya unga wa manjano, laini, akaumwaga pembeni. “Tangu asubuhi napanguza hii vumbi. Napanguza, inarudi. Nilifikiri inatoka juu, lakini juu ni mabati.”

Pam alitazama. Pale mkono ulipopita, shuka lilikuwa safi. Wakati akiendelea kutazama, chembe chache zikaanguka tena kutoka chini ya jeneza, polepole, bila mtu kuligusa.

Mlango tu, madam, haki ya Mungu. Obwocha alikuwa ametengeneza kitu cha pili, akakinyamazia.

Abner, aliyekuwa ameingia nyuma yake, alilaza sikio juu ya jeneza. Alikaa hivyo kidogo. Alipoinuka, alitikisa kichwa kukubali.

“Mabuu wakizikwa nalo?” Pam akanong’ona.

“Udongo wa kaburi ni laini. Watapanda juu tu.”

Huko nje katekista aliita kwamba wakati umefika, vijana waje wamtoe ndugu yao. Pam alitoka hadi mlangoni akainua mkono. “Ngojeni kidogo.” Sauti yake haikuwa kubwa, lakini nyimbo zilikatika. Machogu alikuwa amesimama hapo kizingitini, kofia mkononi. “Wewe ingia. Na baada ya mazishi utapanda gari langu.”

“Nitapanda,” Machogu akasema.

Pam alirudi akaketi kwenye mkeka, ana kwa ana na Bitutu. Angeweza kumwita karani wa chifu aje amsomee amri. Aliona ni uoga kufanya hivyo, akaamua maneno yatoke kinywani mwake mwenyewe.

“Mama, hizi mbao zilikuja na ndege ya Daktari Ombui. Ziko na mdudu wa kutoka nje, anayeua miti. Zilitakiwa zichomwe zote. Kaka yako hakuzichoma, alimjengea Ronny. Nyumba hii lazima ichomwe leo.” Akavuta pumzi. “Na sanduku pia.”

Bitutu hakupiga kelele. Alimtazama Pam kama anayesubiri maneno mengine, na alipoona hayapo, akauliza, “Isipochomwa?”

“Miti inakatwa. Kule Kisii kuzunguka kiwanja, na hapa kwenu pia. Yote mikubwa.”

“Ya watu wote?”

“Ya watu wote.”

“Hata hawa wameniletea ndizi?”

“Hata hao, mama.”

Mwanamke aligeuza kichwa, akamtazama kaka yake. “Ulijua?”

“Nilijua zilitakiwa zichomwe,” Machogu akasema, machozi yakimtiririka bila yeye kuyafuta. “Sikujua ni kwa nini. Sikuuliza. Nilitaka aingie kwake.”

“Na aliingia,” Bitutu akasema.

Abner alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayesali. Pam alisubiri, na aliamua moyoni kwamba mama huyu akikataa, atafanya kazi yake vivyo hivyo, na atamchukia kila mtu aliyemtuma, na bado ataifanya.

Bitutu aliinuka kwa kushika ukuta. Alifungua kanga mbili alizokuwa amejifunga mabegani, akaziunganisha, akazitandika juu ya mkeka, akazilainisha pembe kwa pembe jinsi mtu anavyotandika mahali pa mtoto kulala.

“Usiku amelala kwake,” akasema. “Hiyo imetosha, nyumba mtachoma tukishamtoa. Na mimi huyu sikumzaa na sanduku.”

Akasogea kichwani pa jeneza, akaweka viganja vyake juu ya kifuniko.

“Machogu, wewe ulimjengea. Shika mabega.” Kisha akamwangalia inspekta. “Na wewe umekuja kumbomolea. Shika miguu.”

Pam alivua koti lake, akalikabidhi kwa Abner. Machogu akainua kifuniko, na unga mwingi ukamwagika juu ya viatu vyao. Pam akainama, akapitisha mikono chini ya vifundo vya kijana, akashika.